Dada anasema kumbukumbu hii ni yake, si yangu

Kwako mshauri,

Salamu nyingi. Nimezoea kusoma hapa barua za watu wenye mizigo mizito, ndoa zinazovunjika, madeni, watoto waliopotea njia, na nimesita kuandika nikiona langu ni dogo. Lakini dada yangu hapokei tena simu zangu, na mama ameanza kuuliza kulikoni. Kwa hiyo naomba unisikilize.

Tunagombania kumbukumbu. Mali ya marehemu baba tuligawana kwa amani, hakuna aliyenuna hata siku moja. Kumbe ugomvi ulikuwa unatungoja kwingine.

Tumezaliwa wawili tu, wasichana watupu, na yeye amenitangulia kwa miaka mitatu. Kisa chenyewe ni hiki. Baba alikuwa akinirudisha nyumbani kwa baiskeli, nimekaa kwenye keria nyuma yake, nina miaka minne au mitano hivi. Mvua ikatukuta njiani. Akasimama chini ya mti, akachuchumaa, akafungua koti lake, akaniingiza ndani na kulifunga tena, nikabaki nimetoa uso kati ya vifungo viwili. Kimoja kilikuwa kimevunjika nusu na kilinikwaruza kidevu. Baba akaanza kuimba wimbo ambao maneno yake alikuwa hayajui. Akawa anayabuni, na kila alipokwama alipiga mluzi mpaka yakampata mengine. Nilikuwa nimemwegemea, kwa hiyo sauti ilikuwa inatetemeka mgongoni mwangu. Mvua ilipokatika tukapanda baiskeli, tukaenda zetu.

Basi, ndiyo hiyo. Hakuna aliyeugua wala aliyeokolewa. Lakini katika yote niliyoyapata kwa wazazi wangu, hakuna ninalolirudia kama hilo. Nikilemewa kazini hulirudia. Usiku ule tuliomzika baba, ndilo lililonilaza. Watoto wangu wanalijua neno kwa neno, na huyu wa mwisho halali mpaka nimwimbie wimbo wa babu usio na maneno, tena nikisahau kupiga mluzi ananikemea.

Sasa, tulipokusanyika mama alipotimiza miaka themanini, kila mtu alikuwa akitoa lake, watu wanacheka mpaka machozi. Zamu yangu ilipofika nikasimulia mvua. Sijafika hata kwenye wimbo, dada akasema, "Lakini huyo nilikuwa mimi."

Nilidhani anatania. Dada akaendelea pale pale nilipoishia, akataja mluzi, kisha akagusa kidevu chake na kusema, "Na kile kifungo kilivyonikwaruza." Mshauri, nilihisi kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta mwingine amelala kitandani. Akanigeukia mbele ya wote: nilikuwa mdogo mno, siwezi kukumbuka, nimeyasikia kwake nikayachukua. Mimi nikasema ni yeye aliyeyasikia kwangu. Mama tulipomwuliza alicheka tu. "Mimi nilimpokea mtoto mkavu na baba aliyelowa chapachapa. Mtoto yupi, mwanangu, sikumbuki."

Picha hakuna, na mwenye koti ametangulia mbele ya haki.

Ningeliacha lipite kama la utani wa ndugu. Baadaye shemeji akanipigia faragha, mtu mpole asiyependa kuingilia mambo ya watu, akaniambia dada amekuwa akilia. Mimi nilipozaliwa, anasema, mapaja yote ya nyumba ile yakawa yangu. Baba akirudi kazini alininyanyua mimi kwanza. Siku ile ya mvua ndiyo pekee anayoikumbuka akiwa na baba peke yake, wawili tu. Shemeji akaniomba nimwambie dada kwamba ni yake, yaishe. "Wewe unayo mengine mengi," akasema. Na ni kweli ninayo. Nakumbuka baba akinikata kucha, akinifundisha kufunga kamba za viatu, akinibeba nikijifanya nimesinzia. Lakini je, anayetoa kilicho chake ili kuleta amani hatakiwi kwanza kuwa na hakika kwamba anatoa kweli, hadanganyi?

Binti yangu mkubwa anasoma saikolojia chuoni, na hili limemfurahisha kuliko inavyofaa. Ameniletea utafiti wa mwaka 2001 wa wataalamu kutoka New Zealand na Marekani, ambao waliwaita mapacha na kuwaomba kila mmoja aeleze mambo ya maisha yake. Ikaonekana baadhi ya mapacha wanadai tukio lile lile, kila mmoja akiapa ni yeye lilimpata. Hutokea hata kwa ndugu wasio mapacha na kwa marafiki, ingawa kwa uchache. Lililonichoma ni kwamba kumbukumbu hizo zinazogombaniwa hazikuwa hafifu. Wenyewe walizieleza kwa uhai na hisia nyingi kuliko zile zisizo na mgogoro. Kwa hiyo kuwaka kwake kichwani mwangu si ushahidi. Kisha akaniambia kuhusu mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwenzake, ambao mwaka 1995 walieleza jinsi walivyowapa watu 24 kisa cha uongo, eti walipotea dukani wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, kisa kilichotungwa kwa msaada wa jamaa zao wenyewe. Karibu robo yao walikuja "kukumbuka" kidogo au chote.

"Kwa hiyo mama," akasema, "inawezekana mmoja wenu hakuwepo kabisa, na hakuna namna ya kujua ni nani."

Nilimjibu vibaya, jambo ambalo si kawaida yangu. Yeye anaona ni fumbo tamu la kisayansi. Mimi naona ni baba yangu.

Mume wangu ana lake. Anasema watu hujipa ushujaa na kuwapa wengine makosa, na kwamba tungekuwa tunabishana nani alivunja dirisha, kila mmoja angempa mwenzake. (Nilipomwambia binti, akacheka akasema upo utafiti mwingine wa wataalamu wale wale wa mapacha, wa mwaka 2006, uliogundua karibu hivyo hivyo. Mume wangu ametembea kifua mbele wiki nzima.) Ushauri wake ni ninyamaze, muda utafanya kazi yake.

Lakini kuna kitu kimeharibika ambacho sikukitegemea. Nilikuwa mtu wa kufurahia vidogo. Mtoto akichanganya viatu, kulia kushoto na kushoto kulia, akatembea hivyo kwa majivuno, ningecheka asubuhi nzima. Siku hizi namtazama na swali linaingia: atakumbuka nani, na atakumbuka ni nani? Nimeanza kuandika kwenye daftari, jina, tarehe, waliokuwepo. Juzi watoto walikuwa wakicheza na kivuli cha mikono ukutani umeme ulipokatika, na badala ya kucheza nao nikawa natafuta kalamu gizani. Mkubwa wa kiume akaniuliza kama nyumba yetu imekuwa mahakama. Sikuwa na jibu. Najua daftari si baya, ila ninaandika kama mtu anayekusanya ushahidi wa kesi, na furaha yenyewe inaondoka nikiwa nimeinamia karatasi.

Mama amesema mwisho wa mwezi anatutaka wote nyumbani kwake, na kwamba hataki kuona sura zilizokunjwa. Watoto wangu wataomba kisa cha koti, hilo sina shaka nalo. Watoto wa dada nao wanalo la kwao, lenye mama yao ndani.

Ndiyo maana nakuuliza. Nimwambie dada ni yake, ilhali moyo wangu hauamini hivyo? Nimwombe tukisimulie wote wawili, kila mmoja na kidevu chake, au nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili kitu alichobaki nacho? Na nikimwachia, huyu wangu mdogo nimwambie nini usiku anapodai wimbo na mluzi wake? Naomba pia maoni ya wasomaji waliozaliwa wakubwa, kwa sababu nashuku kuna jambo katika kuwa wa kwanza ambalo sisi wa mwisho hatulioni.

Ni mimi,
Kitindamimba