Siku ya Mashujaa tuwataje na mabaharia vijana

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Kila Julai 25 tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa, wanaotajwa ni askari. Vijana waliofia kwenye meli za shehena katika Vita Kuu ya Pili wanasahauliwa, na inatuuma.

Kwenye mnara wa Tower Hill, London, yamo majina karibu 24,000 ya mabaharia wa vita hivyo ambao kaburi lao ni bahari. Vita hivyo viliua hata mabaharia watoto. Raymond Steed wa Wales alikuwa na miaka 14 tu meli yake, Empire Morn, ilipogonga bomu la majini karibu na Casablanca, Aprili 1943. Huku kwetu, Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa na wanajeshi wa Afrika Mashariki ilipigwa topido mbili (makombora yapitayo chini ya maji) karibu na Maldives. Ilizama ndani ya dakika mbili. Walikufa watu 1,297, mabaharia wakiwemo.

Lakini kuwataja tu hakutoshi. Isemwe pia walikufaje. Topido ikipiga chumba cha injini, wachochea makaa walikuwa na ngazi ya chuma tu ya kutokea, na mvuke wa bomba lililopasuka uliwawahi. Meli yenye shehena ya madini ya chuma ilizama kama jiwe.

Waliofika sitahani nao walikuta balaa. Meli ikilala upande, mashua za kuokolea za upande ulioinuka hukwaruza ubavu na kukwama. Za upande wa pili huning'inia mbali, hazifikiki. Mashua hushushwa kwa kamba mbili, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma). Moja ikiachiwa mapema, mashua hubaki imening'inia kwa ncha moja na watu wote humwagika majini. Injini ya meli isiposimamishwa, mashua huweza kupinduka mara inapogusa maji. Hata jaketi za kuokolea za koki (gome jepesi linaloelea) ziliua: mtu akiruka kutoka juu, jaketi liliweza kumpiga kidevuni na kumvunja shingo. Ndiyo maana baharia hufundishwa kulibana jaketi kifuani kwa mkono mmoja, kuziba pua kwa mwingine, kisha kuruka miguu ikitangulia.

Tunaomba Julai 25 ijayo mkoa wetu uwataje mabaharia hawa pamoja na askari. Siku hiyohiyo, pale bandari ya Mwanza Kaskazini, vijana wanaofanya kazi kwenye meli na vivuko vya Nansio na Bukoba wafanyishwe zoezi la kushusha mashua, ikiwa tupu, kamba zote mbili zikiachiwa kwa pamoja ikishafika majini.

Mabaharia wastaafu,
Kirumba, Mwanza