Pakiti tatu juu ya kabati

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Korogwe. Mimi ni mama lishe hapa karibu na stendi, nina miaka 48, mume mmoja, watoto wanne, na mama mkwe ninayeishi naye nyumba moja. Nitajieleza kwa urefu kidogo, univumilie, maana jambo lenyewe nikilikatakata linageuka jingine.

Ilianza na joto. Sasa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha majiko mawili ya mkaa na moja la kuni, apike wali, maharage na samaki wa nazi kabla mabasi hayajaanza kuingia, huyo utamwambia nini kuhusu joto? Nilipoanza kuungua uso na kifua, jasho likinitiririka mgongoni mpaka gauni linaganda, nikasema ni jiko. Wateja nao wakasema ni jiko. Nikahamisha jiko nikaliweka upande wa upepo. Halafu lile joto likaanza kunifuata kitandani saa nane za usiku, hakuna moto hakuna nini, feni inazunguka, nami nimelowa kama niliyemwagiwa ndoo. Dakika tatu nne limepita, nabaki natetemeka kwa baridi. Mara nne, mara tano kwa usiku mmoja. Nikawa natandika mkeka kwenye korido ili mgongo upate ubaridi wa sakafu. Mama mkwe akanikuta huko, akadhani nimegombana na mwanawe, wakati mwanawe usiku huo alikuwa kwenye usukani huko Singida.

Baba Mwanaidi ni dereva wa lori. Anachukua mizigo bandarini Dar es Salaam anaipeleka mpaka Kigali kupitia Rusumo. Akiondoka ni wiki mbili, pengine tatu. Hilo lishike, utaliona kazi yake huko mbele.

Jirani yangu aliposikia habari ya joto la usiku, na mume safarini, akaniambia hilo ni jini mahaba. Nililetewa kombe, nikalinywa, wala sijutii kulinywa, ila joto halikusikia.

Kisha damu. Mimi siku zangu zilikuwa kama saa ya ukutani, siku nne, zimeisha. Zikaanza kuja baada ya wiki tatu, mara miezi miwili kimya, halafu zinarudi kwa hasira. Siku tisa, siku kumi, na mabonge kama maini ya kuku. Pedi mbili kwa pamoja na kitambaa juu yake, na kanga nyeusi nje, na bado nikiinuka kwenye kigoda nageuka kuangalia nyuma. Mama mkwe akaniambia, "Mwache autoe, huo ni uchafu wa miaka yote, unaagana na mwili." Nami nikaona lina maana. Mwaka mzima nikaachia uchafu utoke, mpaka siku nilipoona giza nimeshika sahani ya mteja mkononi. Nilizindukia kituo cha afya. Damu ilikuwa 8.1. Nesi akanitazama akaniuliza, "Mama, ulikuwa unasubiri ibaki ngapi?"

Nikapewa rufaa kwenda Tanga mjini. Huko nilipigwa ultrasaundi kuona kama kizazi kina uvimbe, hakikuwa nao. Mlango wa kizazi ukapakwa siki kuangalia dalili za saratani, nao ulikuwa safi. Daktari alikuwa binti mdogo, rika la Mwanaidi wangu, na nakiri nilipomwona nilivunjika moyo. Lakini Shangazi, hakuna mtu aliyewahi kunieleza mwili wangu vile. Alichukua karatasi akachora mstari unaopanda na kushuka kama milima ya Lushoto. Akasema mayai yanakaribia kwisha, ila hayaishi kimyakimya. Homoni moja, estrojeni, leo inapaa kesho inaporomoka, na ikiporomoka inavuruga sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, basi mwili unatoa jasho kupoza moto ambao haupo. Na mwezi ambao yai halikutoka, homoni ya pili, projesteroni, inakuwa haba, kwa hiyo utando wa ndani ya kizazi unanenepa tu bila wa kuuzuia, na siku ya kubomoka unabomoka kwa mabonge.

Nikamuuliza, kwa hiyo nimekoma? Akasema bado. Kukoma kunahesabiwa ukishapitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu. "Wewe uko njiani, mama, na njia yenyewe inaweza kuwa ya miaka." Akanipima presha, 118 kwa 76. Akaniuliza kama navuta sigara, kama naumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama nimewahi kuugua saratani ya titi. Yote hapana. Ndipo akaandika vidonge vya majira.

Nilicheka. Nikamwambia, daktari, mjukuu wangu wa kwanza yuko tumboni kwa mwanangu hivi sasa, mimi napanga uzazi gani? Akanijibu kuwa vidonge hivyo vina homoni zote mbili kwa kipimo kilekile kila siku, kwa hiyo vinasawazisha ile milima: damu inapungua, joto linatulia. Na juu ya hayo, akasema, wanaodhani wamekoma ndio wanaoshtukia mimba. Hapo nikanyamaza, maana wifi yangu alizaa akiwa na 46, miezi mitano anajua ni gesi.

Nikaanza. Pamoja navyo nikapewa vidonge vya madini ya chuma vya kumeza kila siku, nikakatazwa kuvisindikiza na chai. Mwezi wa kwanza kichefuchefu, matiti yanauma, nikataka kutupa. Mwezi wa tatu nikalala usiku mmoja moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri, nikaamka nimeogopa, nikadhani nimekufa. Siku zangu zikawa nne, nyepesi. Damu ikapanda mpaka 11.4. Nikarudi kuwa mtu anayecheka na wateja. Naomba hili ulipokee kama lilivyo: vile vidonge vilinirudisha. Sitaki anayenijibu aanze na kuviponda.

Kosa langu liko kwingine. Baba Mwanaidi alirudi safari akaona pakiti, akauliza ni nini. Nilikuwa nimeshika mwiko, mama mkwe yuko barazani, nikasema, "Za kuongeza damu." Shangazi, haukuwa uongo mtupu. Kama umewahi kuiona pakiti yenyewe, ina vidonge 21 vyeupe na saba vya rangi ya kahawia, na vile saba ni madini ya chuma. Kwa hiyo kati ya siku 28, siku saba nilikuwa mkweli. Nilijipa moyo hivyo kwa zaidi ya mwaka.

Ningemwambia nini? Neno lenyewe silo. "Kukoma hedhi" ni maneno ya ubao wa kliniki, na sisi hata kabla ya hapo habari za siku zangu tulizimalizia kwa "sipo vizuri wiki hii". Unyagoni niliambiwa kila kitu cha kuingia katika uanamke, cha kutokea sikuambiwa. Na zile dawa jina lake limeshamaliza kesi kabla haijasikilizwa. Ni vidonge vya majira, ni uzazi wa mpango. Mke wa miaka 48, mume yuko Rusumo kwenye foleni ya mpaka, anapanga uzazi na nani?

Wiki nne zilizopita alikuwa nyumbani, amefurahi, ananiambia nimependeza, nimenawiri. Aliona pakiti imebaki vidonge viwili. Bila kuniambia akaitia mfukoni akaenda duka la dawa hapa mtaani kuninunulia nyingine kabla hajasafiri. Alitaka kunifanyia wema. Kijana wa bodaboda aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia. Baba Mwanaidi ametoa pakiti mezani mbele ya watu, amesema kwa sauti, "Naomba hizi za kuongeza damu, za mke wangu." Muuzaji amecheka. Amesema, "Mzee, hizi si za damu, hizi za majira. Kumbe bado mnapanga?" Na waliokuwepo wamecheka naye.

Alirudi nyumbani nikiwa napepeta mchele. Aliweka mfuko wa kaki mezani, ndani yake pakiti tatu mpya. Alisema, "Kumbe damu inaongezwa hivyo." Akaenda kuoga, usiku ule akalala upande wa ukutani, alfajiri akapanda lori.

Tangu siku hiyo nimelichambua sentensi kwa sentensi, na ni sentensi moja tu. Kama amekasirika, mbona alinunua? Hakuweza kukataa mbele ya watu? Au alinunua kuniambia, haya, endelea, najua? Au kinachomuuma ni kuaibika dukani, basi? Au alikuwa na tamaa ya mtoto mwingine, asiseme? Kitinda mimba wetu yuko darasa la sita, na sijawahi kumsikia akitaja wa tano, lakini mimi mwenyewe nimeonyesha kwamba mtu anaweza kukaa na jambo mwaka mzima kwenye nyumba moja na asiseme. Kwenye simu ananiuliza habari za watoto, hela ya ada, mama anaendeleaje. Mimi haniulizi.

Ningekuwa na hilo peke yake ningelibeba. Lakini wiki mbili zilizopita nilikwenda kliniki kwenye tarehe yangu, presha ikawa 146 kwa 94. Nesi akaniambia nipumzike nusu saa, akapima tena, haikushuka. Nikarudi juzi, 144 kwa 92. Yangu au ya mawazo, sijui, ila nesi hakutaka kubahatisha. Amesema kwa presha hiyo na umri huu vidonge vyenye estrojeni niviache, vinaweza kuleta kiharusi au damu kuganda. Hata bila presha, anasema, nikifika 50 wangenibadilishia. Tena damu ninayoiona kwenye vile vidonge vya kahawia si hedhi ya kweli, inakuja kwa sababu nimekatiza homoni, kwa hiyo siku nikikoma wala sitajua.

Amenipa njia za kuchagua. Vidonge vya homoni moja. Vijiti vya mkononi, lakini hivyo niliviweka baada ya mtoto wa tatu, nikaona matone miezi minane, siwezi kurudia. Sindano ya miezi mitatu, ila amesema inapunguza uimara wa mifupa na kwa umri wangu wa kuelekea 50 si ya kuanzia. Lupu ya shaba inaongeza damu, hiyo imejifuta yenyewe. Ipo lupu yenye homoni, inakaa ndani ya kizazi, inapunguza damu sana na inazuia mimba kwa miaka, lakini joto haiponyi, hilo linatafutiwa dawa yake baadaye presha ikishatulia, na kwa lupu hiyo inabidi nipande tena gari niende Tanga. Wakati naamua, amenipa kondomu. Kondomu, Shangazi! Hebu niwazie mimi naingia na kondomu ndani ya nyumba ile, mwezi huu.

Sasa naomba unisaidie, wewe na wasomaji waliopita njia hii. Wanawake waliotumia lupu yenye homoni au vidonge vya homoni moja katika umri kama wangu, joto la usiku lilirudi? Mliishi nalo vipi? Sitaki kurudi kwenye ule mkeka. Usinijibu "nenda hospitali", hospitali naenda na tarehe ninayo. Nataka kusikia ya waliolala na kuamka nayo.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nimwambieje Baba Mwanaidi, na nianze na neno gani? Dada yangu anasema nimpeleke kwa yule daktari binti, amchoree ile milima kama alivyonichorea mimi. Wazo zuri, lakini mwanamume aliyechekwa dukani wiki nne zilizopita, nimkalishe tena mbele ya mtoto wa rika la binti yake aelezwe habari za kizazi changu? Mama mkwe naye anajua kuna kitu, anapita akiguna. Kumtanguliza yeye naogopa, maana kwake bado ule ni uchafu niliouzuia kutoka.

Jana usiku amepiga simu, wameshusha mzigo Kigali, anageuza. Ijumaa atakuwa hapa. Zile pakiti tatu alizonunua ziko juu ya kabati, kwenye mfuko wake wa kaki, sijafungua hata moja. Kwa presha hii siwezi kuzimeza. Akizikuta kama alivyoziacha, ataona nimeacha kwa kuwa nimekamatwa. Nikizitupa, atahesabu kwamba nimezitumia. Nijibu kabla ya Ijumaa kama inawezekana.

Mama Lishe, Korogwe
(Jina nimelihifadhi)