Mwache aingie jikoni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Ujiji. Sisi hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo, lakini hilo ni vumbi tu la barabarani. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mume wangu (nikisema mume wangu ni huyo mwanao, baba yako asije akanuna) hataki kingine zaidi ya chipsi mayai na soda, mchicha anautoa kwa kidole na kuusukuma pembeni ya sahani, nawe umemweleza habari za vitamini mpaka sauti imekauka.

Acha kumweleza. Mtoto wa miaka tisa vitamini zinamhusu nini? Sisi shuleni tulikuwa na Sayansi Kimu, tukikariri makundi ya vyakula kwa wimbo, na aliyekuwa akiongoza darasani hakujua hata kusonga ugali. Mpe kazi ya jikoni badala yake. Sisemi kumtuma chumvi dukani, nasema kazi ya chakula chenyewe, ambayo asipoifanya nyote mtachelewa kula. Akichuma mchicha, akauchambua, akauosha, akausimamia sufuriani, ataonja tu, maana hakuna mpishi asiyeonja. Na akishaandaa atakuwa anawatazama nyuso kuona kama mmependa, sasa atawatazamaje huku sahani yake haina mboga? Zitakuwepo siku atapika na bado akatae. Nyamaza. Kesho apike tena.

Najua huko kwenu kuna watakaosema mtoto wa kiume hakai jikoni. Waulize wavuvi wa Kibirizi wakiwa kambini huwa wanapikiwa na nani.

Mlete likizo ya Desemba. Juni siitaki: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mimi namtaka aone samaki wabichi, asije akala hadithi. Tena kabla ya kukata tiketi tazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, boti nyingi zinalala ufukweni. Mje siku za giza.

Nitamwanzia na mgebuka, samaki wa ziwani kwetu. Nitampa kisu kidogo chenye makali, kwa sababu kisu butu ndicho kinachoteleza na kumfikia mtu kidole. Nitamwonyesha mara moja jinsi ya kukunja vidole vya mkono ulioshika, kisha nitamwachia. Mgebuka anakula dagaa, kwa hiyo akimpasua tumbo huenda akawakuta humo, wengine bado wanang'aa. Mtoto akishaona hivyo haondoki tena karibu na karai. Ataanza kuuliza, na hao dagaa nao wanakula nini, na mgebuka anaogopa nani. Hapo ndipo nitamjibu, mikono yake ikiwa imejaa magamba, na sidhani kama atakumbuka kwamba alikuwa hapendi samaki.

Dagaa wakavu nao wana somo lao. Nitamwekea mafungu mawili, la walioanikwa mchangani na la walioanikwa kwenye vichanja, atafune mmoja mmoja. Meno yatamwambia tofauti. Wa mchangani atawaosha kwa maji ya uvuguvugu, amwage, aoshe tena, mpaka chini ya bakuli pasibaki chembe. Kisha mawese. Hapa nitasimama naye mwenyewe, maana wengi wanayaunguza mpaka yanatoa moshi na kupauka, halafu wanasema sasa yameiva. Ule wekundu ndio ambao mwili unaugeuza kuwa vitamini A, ukishaupausha kwa moto umeutupa. Moto wa wastani, kitunguu kilainike, nyanya ziive hadi zipondeke, dagaa waingie, na ndimu akamulie mwishoni kabisa. Dagaa huliwa na mifupa yake, na huko ndiko iliko kalisi ya meno anayoyaotesha sasa hivi.

Chumvi atie yeye, ila kwa kijiko, si kwa kiganja kama shangazi yako. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apunguziwe zaidi. Chumvi yetu ya Uvinza haina kosa lolote, kosa ni mkono unaotia.

Na chipsi? Atazipika pia, usizikataze. Amenye viazi mwenyewe, avikate, aone mafuta yanavyojaa kwenye karai na yanavyobaki yamepungua. Kukaanga nitakaanga mimi, mafuta yanayochemka si ya kumwachia mtoto. Akishahangaika saa nzima kwa sahani moja hatadai chipsi kila jioni. Soda sitaki kuizungumzia, unajua msimamo wangu.

Msisubiri Desemba ifike. Usiku wa Ijumaa achague maharage mabovu na kuloweka mazuri, Jumamosi ayachemshe. Badilisha na unga, nunueni dona, sembe iliyokobolewa imebaki weupe tu. Mwanzo atalalamika kwamba ugali una rangi, basi mpe mwiko asonge mwenyewe, huku umemshikia sufuria isigeuke. Kama mnatumia jiko la mkaa, liwe nje au mlango uwe wazi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka inaua bila kunusika. Na jikoni patachafuka. Unga utamwagika, utakuta maganda chini ya kabati. Vumilia, nawe mfundishe kufagia, maana kupika bila kusafisha ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo baba yako hakuwahi kujifunza.

Nitumie tarehe mapema baba yako awapokee stesheni. Mvalishe nguo za kazi siku hizo, mawese yakiingia kwenye shati jeupe usije ukanilaumu mimi. Soda msibebe, maembe yatakuwepo.

Mama yako,
Ujiji