Mji Mkongwe uhifadhiwe pamoja na wakaazi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai yangu kuhusu uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hasa kuhusu jambo ambalo naona huachwa nyuma kila suala hili linapozungumzwa, nalo ni watu wanaoishi humo.

Tangu ilipoundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na zaidi tangu mji ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, tumezoea kuupima uhifadhi kwa macho. Tunauliza kama mlango wa kuchonga bado upo, kama roshani imebaki ya mbao, kama hakuna ghorofa iliyoongezwa juu ya paa. Maswali hayo ni ya lazima na sitaki yapunguzwe hata moja. Hata hivyo, nyumba inaweza kuyajibu yote vizuri na ikawa imeshatoka katika mtaa wake, kwa sababu ndani yake hakuna tena mtu anayemjua jirani, anayepeleka mtoto chuoni kusoma Kurani, wala anayepelekewa habari ukitokea msiba.

Tutazame baraza. Benchi lile la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele ni mali ya mwenye nyumba, ila kwa ada ya mji wetu hukaliwa na yeyote. Hapo wazee husubiri sala ya alasiri, muuza kahawa hutua dele lake, bao na dhumna huchezwa, na habari za mtaa hupatikana kabla hazijafika redioni. Masika yanapopiga na uchochoro ukajaa maji, watu hupita juu ya mabaraza, kutoka la nyumba hii hadi la nyumba ya pili, na hakuna anayebisha hodi kuomba ruhusa. Siku hizi zipo nyumba zilizogeuzwa hoteli ambazo mabaraza yake yamepangwa vyungu vya maua mwanzo hadi mwisho, au yametandikwa mito na kuwekwa meza kwa ajili ya wageni waliolipa. Jiwe halikuguswa na mkaguzi wa majengo hana la kuandika, ilhali mzee aliyekuwa akikaa pale kila jioni amekosa mahali pake.

Siupingi utalii, ambao unazilisha familia nyingi hapa Unguja, na najua zipo nyumba ambazo leo zingekuwa vifusi lau si wawekezaji. Wala sidai kwamba mji huu ubaki kama ulivyokuwa zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na wakaingia watu kutoka shamba na kutoka Pemba ambao hawakuwahi kuishi katika majumba ya ghorofa. Yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko haya tunayoyaona sasa, na mji uliyameza, kwa kuwa waliokuja walikuja kuishi, wakakaa barazani, wakaozeshana na majirani. Mgeni wa siku tatu, hata awe na adabu kiasi gani, hawezi kuibeba kazi hiyo.

Anayebaki kuishi humo naye ana mzigo mzito. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua, yaani unyevu ulioingia hupata pa kutokea. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hufungiwa ndani na vichwa vya boriti huoza pasi na mtu kuona. Mpangaji mwenye kipato kidogo hutumia saruji kwa sababu saruji ipo kila duka, wakati chokaa iliyolowekwa sawasawa, na fundi anayeijua, ni vitu vya kutafuta. Miaka ikipita sakafu hulegea, familia huhamishwa kwa usalama wake, na nyumba ikijengwa upya mara nyingi huwa si ya kuishi tena. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani humu mjini, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, nchi nzima ilishtuka, na ilistahiki. Familia inayohama kutoka mitaa yetu ya Mkunazini au Kiponda haitangazwi popote.

Kwa hiyo naiomba Serikali, kabla ya kutoa kibali cha kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya biashara, ihesabu kwanza nyumba ngapi za kuishi zimebaki katika mtaa ule, na iweke kikomo ambacho hakitavukwa hata mwombaji awe nani. Kuliacha baraza wazi kwa wapita njia kuwe sharti la kibali chenyewe. Sehemu ya mapato ya utalii inunue chokaa na boriti kwa ajili ya wakaazi, kuanzia nyumba za wakfu, ambazo wenyewe walizitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ili ziwafae wahitaji. Na kila ombi la kubadilisha matumizi ya nyumba libandikwe mlangoni mwake na katika msikiti wa mtaa kabla halijaamuliwa, ili jirani apate kusema neno lake wakati bado linafaa.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Zanzibar