Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA: Ni nani anayempigia dereva simu?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Mtwapa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe, madereva kutumia simu gari likienda, liko hadharani. Kila anayepanda matatu, tuktuk au bodaboda hapa Pwani huliona, na wengi wetu tumeshalizoea kiasi cha kutolisema tena.

Redio ikitangaza ajali, maneno huwa yale yale: dereva alishindwa kulidhibiti gari, likaacha njia, likabingiria. Kisha tunaingia kwenye habari za michezo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza huyo dereva alikuwa ameshika nini mkononi wakati gari linamshinda. Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na wengi wao hawana magari kabisa: ni waendao kwa miguu, ni watu wa bodaboda na abiria wao. Mwendo wa kasi tunauzungumzia. Ulevi tunauzungumzia, hata Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima ulevi, imeingia katika mizaha ya mitaani. Simu inaachwa kama tabia mbaya ndogo, sawa na kutema mate dirishani.

Mimi hupenda kiti cha mbele, kando ya dereva, kwa hiyo nitakusimulia safari moja tu. Ilikuwa asubuhi, matatu ya Mtwapa kwenda mjini. Dereva alikuwa kijana nadhifu, mwenye salamu, na bibi mmoja alipopungukiwa nauli alimwambia makanga amwachilie. Alikuwa na simu mbili, moja imebanwa kwenye dashibodi, nyingine imelala pajani. Tulipovuka daraja la Mtwapa ile ya pajani ikalia. Alikuwa tajiri wake, mwenye gari, anataka kujua kwa nini hesabu ya jana ilipungua. Kijana akajieleza kwa adabu zote, "ndiyo mzee, nimekuelewa mzee", usukani uko kwenye mkono mmoja. Kufika Shanzu ile ya dashibodi nayo ikaanza kumwaga jumbe za kikundi cha madereva: karao (polisi) wako Kiembeni, Bombolulu kuna jemu pita ndani, Mtambo abiria wamejaa stejini. Alizisoma zote. Mmoja ulikuwa wa sauti, mrefu, na kelele za injini zilimzuia kusikia vizuri, basi akaichomoa simu na kuibandika sikioni.

Hapo ndipo mtoto wa shule, begi kubwa kumshinda, aliposhusha mguu mmoja barabarani. Mimi nilimwona. Nikapiga kelele "mtoto!", breki zikalia, makanga akagonga kichwa mlangoni. Mtoto alirudi ukingoni, salama. Dereva aliweka mkono kifuani, akaniambia "ahsante mzazi", na nilimwamini kwamba ameshtuka kweli. Hatujafika mbali simu ikatoa mlio, na macho yake yakaenda.

Ningeweza kukuandikia nimshtaki huyo kijana na barua ikaishia hapo. Lakini nikiwahesabu waliomtafuta njia nzima, hakuna hata mmoja aliyekuwa mpenzi wala rafiki wa kupiga naye soga. Alikuwa ni mwajiri wake na wenzake wa kazini. Kwake simu ndiyo ofisi, na ofisi hiyo iko wazi gari likiwa mwendoni.

Sheria yetu inamwona yeye peke yake. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinamtoza dereva anayetumia simu gari likienda shilingi 2,000. Sina ugomvi na faini hiyo. Ila pima mwenyewe: akikamatwa na askari, tena askari mwenye jicho kali, atatoa 2,000. Asipopokea simu ya tajiri, jioni ile ile funguo zinaweza kwenda kwa dereva mwingine anayezurura stejini akisubiri skwodi, yaani kushika gari kwa muda. Ungekuwa wewe, ungemwogopa nani zaidi?

Tuktuk na bodaboda hali yao ni ngumu zaidi, maana hawana makanga. Nauli siku hizi inalipwa kwa M-Pesa, kwenye namba ya dereva mwenyewe. Abiria analipa wakati tuktuk inakaribia Kongowea ili akifika ashuke upesi, anasema "tayari nimetuma", na dereva lazima ahakikishe ujumbe umeingia kabla abiria hajapotelea sokoni. Ataangalia lini? Ataangalia pale pale, katikati ya mikokoteni na malori ya viazi. Wa bodaboda naye anaichomeka simu ndani ya helmeti, imebanwa kati ya sikio na sponji, anaongea huku anapita katikati ya magari. Ukimsikiliza, mara nyingi anayeongea naye ni mteja anayemsubiri: "Uko wapi? Umefika wapi? Mbona huji?" Sisi wateja ndio tunaouliza hivyo, mara tatu kwa safari moja, tukijua fika kwamba aulizwaye ameshika usukani.

Tukija kwenye teksi na pikipiki za programu, zile zinazoitwa kwa simu, hapo mlio wa simu umetengenezwa kabisa na wahandisi. Ombi la safari linatokea kwenye kioo, sekunde chache zinahesabika kurudi nyuma, na dereva asipogusa ombi linakwenda kwa mwingine. Anaweza kuwa amepakia mtu, anaweza kuwa kwenye mzunguko wa Buxton, programu haijali. Nasema haijali, si kwamba haijui. Inajua. Inafuatilia gari hatua kwa hatua na inapiga hesabu ya nauli kwa umbali na muda. Kitu kinachojua gari liko wapi sasa hivi na lilikuwa wapi sekunde mbili zilizopita kinajua pia linakwenda kasi gani.

Nieleze kidogo kwa nini naona jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walilinganisha kumbukumbu za simu za madereva 699 waliopata ajali na saa za ajali zao. Wakakuta hatari ya kugonga ilikuwa takriban mara nne wakati wa simu au muda mfupi baada yake. Waliotumia simu bila kuishika mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi. Hilo la mwisho halijatuingia hadi leo. Bado tunadhani kipachiko cha dashibodi na spika za masikioni ni suluhisho. Anayekengeuka hapa ni akili, mkono unafuata tu. Mimi nikiongea na dereva nikaona lori linatoka kichochoroni, nanyamaza bila kuambiwa. Tajiri aliye nyumbani kwake hakioni kichochoro, anaendelea kuuliza habari za hesabu.

Kuandika ujumbe ni balaa zaidi. Wataalamu wa chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani walipowafuatilia madereva wa malori kwa kamera, walikuta anayeandika ujumbe huondoa macho barabarani kwa sekunde 4.6 kati ya kila sekunde 6. Weka hesabu hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa, kikomo mlichowawekea matatu wetu: ni zaidi ya mita 100 bila dereva.

Na usiniambie ni suala la nidhamu tu. Februari 2016, karibu na mji wa Bad Aibling, Ujerumani, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye reli moja na watu 12 wakafa. Mwelekezaji wa treni alikuwa akicheza mchezo kwenye simu yake kazini. Mahakama ilimpa miaka mitatu na nusu. Huyo hakuwa na mteja anayepiga kelele wala hesabu ya jioni. Alikuwa amesomea kazi, amekaa ofisini, mitambo ya usalama imemzunguka, na simu ikamshinda. Sasa mchukue kijana wa miaka 22 wa Kisauni, umpe simu hiyo hiyo, halafu uifanye iwe ndiyo inayomletea chakula. Jumbe kumi zinazoingia ni upuuzi, wa kumi na moja ni pesa, naye hawezi kujua upi ni upi mpaka aangalie. Kamari hufuga watu kwa mtindo huo huo, na kwa kweli madereva wengine wanabeti kwenye simu hiyo hiyo wakisubiri taa. Uraibu ndio huo, ila kwa huyu umefungwa pamoja na riziki, na ndiyo maana mahubiri hayamfikii.

Watakuja watu hapa waseme hata waendao kwa miguu wanavuka huku wamezama kwenye simu. Ni kweli, na wanakosea. Lakini anayetembea na simu hajabeba tani tatu za chuma na roho 14 nyuma yake, kwa hiyo hilo naliacha.

Mheshimiwa, nchi hii imewahi kufanya jambo ambalo kila mtu alisema haliwezekani. Kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zilitoweka barabarani na watu wakatembea kwa miguu siku za mwanzo. Lakini mikanda ilifungwa, vidhibiti mwendo vikawekwa, mstari wa manjano ukachorwa, msongamano wa ndani ukaisha kwa muda. Zilifanya kazi kwa sababu zilimbana mwenye gari. Gari lisilo na kidhibiti mwendo halikutoka, hata dereva wake angekuwa malaika. Kwamba baadaye tulilegea ni hadithi nyingine, na wewe unaijua kuliko mimi.

Hiyo ndiyo njia ninayoiomba kwa simu. Kanuni zenu za 2022 za kampuni za usafiri wa programu ziliweka kikomo cha kamisheni kwa asilimia 18, maana yake mnao uwezo wa kuziambia kampuni hizo jinsi ya kufanya biashara. Basi wekeni sharti jingine kwenye leseni: ombi jipya lisimtokee dereva gari likiwa linakwenda. Lisubiri asimame. Na dereva asihesabiwe vibaya kwa ombi ambalo hakulijibu akiwa njiani. Wataleta mawakili waseme mteja atachelewa kupata gari. Achelewe. Mimi ni mteja, nimekubali.

Kwa sacco za matatu, yaani vyama ambavyo magari hayo hufanya kazi chini yake, leseni yao iwe na sharti kwamba gari likiwa safarini simu zote za kazi zinakwenda kwa makanga. Tajiri akitaka hesabu ampigie makanga, kikundi cha madereva akisome makanga, habari za jemu atazisema makanga kwa mdomo, kama zamani. Simu ya dereva ikae ndani ya mkoba mpaka stejini. Ajali ikitokea, uchunguzi uombe kumbukumbu za simu ya dereva, na ikionekana aliyekuwa akimpigia dakika ile ni mwenye gari, basi mwenye gari naye aitwe ajibu. Matajiri wawili watatu wakisimama kortini Shanzu, ujumbe utafika Malindi kabla ya jua kutua. Katika takwimu zenu za ajali pia naomba simu iwe na safu yake, isifichwe ndani ya neno uzembe.

Kwa tuktuk na bodaboda sina uchawi. Nauli ilipwe kabla ya kuondoka au baada ya kusimama, na hilo liandikwe nyuma ya kiti cha dereva kwa Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa. Viongozi wa steji wanaweza kulisimamia vizuri kuliko askari, maana wao ndio wanaojua nani ana tabia gani. Faini ya abiria anayelazimisha kulipa njiani sidhani itatekelezeka, siiombi.

Najua utaambiwa kwamba hawa ni watu wanaotafuta riziki na hali ya uchumi ni mbaya. Nami nasema hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo ndiyo sitaki mzigo wote ubaki kwenye faini ya 2,000 inayotoka mfukoni mwa asiye na kitu, huku mwenye gari na mwenye programu wakiendelea kupiga simu.

Madereva wa Mtwapa hupata nafasi ya kukaa kitako kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hivi, watu wakishakwenda kazini. Mtume ofisa wako wa Mombasa aje wakati huo. Siku ya kwanza asije na askari wala kitabu cha faini. Aje na daftari, anunue chai, awaulize mmoja mmoja: ukiwa njiani, ni nani hukupigia, na usipopokea unafanywa nini?

Wako,
Abiria wa kila siku, Mtwapa, Kaunti ya Kilifi