Risala ya Wazazi wa Watoto Waliozaliwa Mahututi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana: Assalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Kwa niaba ya wazazi kutoka Kisauni, Likoni, Changamwe na hapa Tudor, mjini Mombasa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Watoto wetu wote walianza maisha wakiwa mahututi. Wako waliochelewa kulia, na wako waliosaidiwa kupumua kwa mashine siku nyingi. Leo wamekaa mbele yako na sare zao, alhamdulillahi.

Mheshimiwa, tuna ombi, ila turuhusu kwanza tueleze lilikotoka.

Mwenzetu mmoja alijifungulia Uingereza, mumewe alikokuwa akifanya kazi. Bintiye alivuta mapafuni maji ya uzazi yaliyochafuka kwa kinyesi, na hata mashine ya kupumulia haikutosha. Akawekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, ambayo madaktari huiita ekmo. Damu hutolewa kwenye mshipa wa shingo, upande wa kulia, ikatiwa oksijeni na kupashwa joto nje ya mwili, kisha ikarudishwa. Kovu analo hadi leo, chini kidogo ya sikio.

Mashine hii iliokoa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza mwaka 1975, huko California, mikononi mwa Daktari Robert Bartlett. Baadaye Uingereza ilifanya utafiti wa watoto wachanga 185, matokeo yakatolewa mwaka 1996. Kati ya 93 waliopangiwa mashine hiyo walifariki 30. Kati ya 92 waliopangiwa matibabu ya kawaida walifariki 54. Kwa hiyo hatuji hapa kuilaumu mashine. Bila hiyo, huenda mwenzetu asingekuwa na mtoto wa kumleta leo.

Lakini ubongo huwa hatarini. Ili damu isigande ndani ya mipira ya mashine, mtoto hupewa dawa ya heparini, na dawa hiyohiyo yaweza kumfanya avuje damu kichwani. Ndiyo maana kwa kawaida wasiofikisha wiki 34 za mimba au kilo 2 hawawekwi kwenye mashine hiyo. Damu ikiganda na bonge likafika kwenye ubongo, huleta kiharusi. Tena mara nyingi ateri ya shingo, yaani mshipa unaopeleka damu kichwani, iliyotumika kurudishia damu, hufungwa moja kwa moja, na upande huo wa ubongo ukabaki kutegemea njia nyingine za damu. Na tusisahau kwamba ubongo huenda uliumia kwa kukosa oksijeni kabla mashine haijawashwa.

Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliowafuatilia watoto waliopitia ekmo hadi umri wa shule walikuta wengi wana akili za wastani, ila kumbukumbu na umakini huwapa taabu. Hilo mwenzetu aliliona jikoni kwake kabla hajalisikia kwa daktari. Binti anasoma vizuri. Ukimtuma dukani sukari, unga na kibiriti, anarudi na sukari, anasimama mlangoni akijaribu kukumbuka. Shuleni aliitwa mkaidi na akaadhibiwa. Siku hizi anaandikiwa kikaratasi, na maagizo anapewa moja moja. Ukaidi wote ukaisha, Mheshimiwa!

Watoto wetu wengine hawakupitia ekmo, lakini nao walikosa oksijeni, na dalili hizi tunaziona. Wengi wetu tuliacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 18, tukidhani kazi imekwisha. Shida za namna hii hujitokeza mtoto akifika darasani, wakati hakuna tena anayemwangalia.

Kwa hiyo tunaomba kila mtoto aliyetoka wadi ya wachanga mahututi aandikwe kwenye rejista na aitwe kliniki hadi awe darasani. Apimwe masikio, maana usikivu nao hupotea taratibu kwa baadhi yao. Apimwe kumbukumbu na umakini, na mwalimu wake apewe taarifa kwa idhini ya mzazi. Na kliniki hiyo iwe pia upande wa Likoni, ng'ambo ya kivuko, kwa sababu mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea hupata tabu kubwa kwenye foleni ya feri.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.