Muulizeni mgonjwa anafanya kazi gani

Ndugu Mhariri,

Vijana wa machimboni wakianza kutetemeka na kugombana na kila mtu, tunasema ni gongo au bangi. Nami nilisema hivyo, na nilikuwa tabibu.

Nilifanya kazi katika zahanati jirani na machimbo ya dhahabu mkoani Geita. Mama mmoja aliniletea mwanawe: kikombe cha chai kinamwagika mkononi, usingizi hapati, anasahau, na yeye aliyekuwa mcheshi sasa wageni wakija anajificha. Kwa mganga walikuwa wameshapita. Nikaandika "wasiwasi", nikampa vidonge vya usingizi, nikaita mwingine. Baadaye ndipo nikasikia kazi yake: kuchoma dhahabu.

Kwa wasioijua mialo, yaani sehemu za kusafishia dhahabu: mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, kisha hutiwa zebaki ishikane na dhahabu iwe donge. Donge likiwekwa motoni zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na asilimia 80 hivi ya unaovutwa hupita mapafuni ukaingia kwenye damu, hadi ubongoni. Zebaki ya maji ikimezwa, karibu yote hutoka na choo. Ndiyo maana wapo wanaoichezea kiganjani wakisema haina neno.

Dalili za yule kijana zilikwisha kuonekana kwa watengeneza kofia wa Uingereza katika karne ya 19, waliotumia zebaki kuandaa manyoya: kutetemeka, haya zisizo za kawaida, hasira za ghafla. Mpaka leo Waingereza humfananisha mwendawazimu na mshona kofia. Na tangu mwaka 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwasihi matabibu waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Nilisomea utabibu miaka mitatu, swali hilo sikulikumbuka siku lilipohitajika.

Kinachonikera sasa ni jinsi utafiti unavyogawanywa. Wa mazingira wanakuja kupima zebaki kwenye tope na samaki, wanaondoka. Wa afya ya akili wanakuja na madodoso ya sonona, wanaondoka. Mtu aliyechunguzwa na wote wawili sijamwona. Mazingira na akili havitengani: kule Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga baharini maji taka yenye zebaki ya aina nyingine, inayoingia mwilini kwa kula samaki, ugonjwa wa watu uliripotiwa rasmi mwaka 1956. Paka walikuwa wameshaanza kuwehuka kwa kula samaki wa ghuba ya hapo. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji taka ya kiwanda, paka akaugua vilevile. Matokeo yakafichwa, na maji hayo yakaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Mkataba wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania nayo imeuridhia, umepewa jina la mji huo.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Katika zahanati zilizo karibu na mialo, daftari la wagonjwa liwe na mstari wa kazi ya mgonjwa, na mwingine wa mahali donge linapochomewa, maana wapo wanaolichomea jikoni watoto wakiwa wamekaa hapo hapo. Kwa wasiokwenda mwaloni, waulizwe kuhusu mkorogo. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki. Majibu yakitia shaka, mkojo upelekwe maabara kabla ya kuandika "wasiwasi".

Tabibu mstaafu,
Geita